Plagi Nane Nilizoziosha

Mwezi uliopita nilikwenda harusini Ziwa la Ng'ombe, na kabla sijapata hata pa kukaa nikasikia sauti ikitoka upande wa majiko: "Mtizameni huyo! Ndiye nahodha aliyenioshea plagi nane kwa mafuta ya taa!" Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaangua kicheko, ingawa nina hakika hakuna hata mmoja aliyejua anacheka nini. Walicheka kwa sababu Bi. Saumu akicheka huwezi kumwacha acheke peke yake. Nikamsogelea, nikainama, nikampa shikamoo yangu. Ana miaka sabini na ushee sasa, mgongo umepinda kidogo na miwani imekuwa minene, lakini ile sauti haijapungua. Akaniuliza hali ya magoti yangu, nikamwuliza hali ya sukari yake, tukakubaliana kwamba siku hizi mazungumzo yetu yote ni ya vipuri. Kisha akaitwa kwenda kuamua kama sufuria ya pili itoshe au iongezwe ya tatu, nami nikabaki kwenye kiti cha plastiki, sahani ya halua mapajani, na mwaka mzima ukinirudia.

Habari za nyumbani kwetu Likoni, nani alimzaa nani na nani aligombana na nani, nitaziacha. Kila familia inazo na zetu hazishindi za jirani. Naanzia pale nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu na kujiona mtu, kwa sababu nilikuwa nimekabidhiwa boti. Haikuwa boti ya kawaida. Ilikuwa boti ya jeti, ya kwanza mimi kuiona kwa macho yangu, imenunuliwa na Bwana Seif, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, ili iwarushe wageni kwenye maji ya Shanzu. Boti ya jeti haina propela. Inafyonza maji kwa tumbo na kuyatema kwa nyuma kwa nguvu, na maji hayo hayo ndiyo yanayoisukuma na ndiyo yanayoigeuza. Injini ikizima, usukani unabaki pambo: unauzungusha upendavyo, na boti inakwenda yanakotaka maji. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini kulijua jambo na kulihofu ni vitu viwili, na mimi wakati ule sikuwa mtu wa kuhofu. Nilikuwa na miwani ya jua, kofia, na abiria kumi na wawili waliopiga mayowe ya raha kila nilipoizungusha ghafla.

Karakana yetu ilikuwa Junda, ukingoni mwa mkono wa bahari, na fundi wa injini alikuwa mwanamke. Sitaficha, nilikereka. Nilikuwa nimetegemea mzee wa makamo mwenye sigara sikioni, nikamkuta Bi. Saumu akitundika buibui lake kwenye msumari, ovaroli ndani, kanga kichwani, na spana mkononi kabla hata hajaitikia salamu yangu. Chumba chake kilikuwa cha mabati, kina dirisha moja lililotazama mikoko, na meza yake ilikuwa mlango mzima wa nyumba uliolazwa juu ya mapipa mawili, bado una kitasa. Ukutani kulitundikwa trei za mayai, zile za makaratasi, nyingi, zimepangwa safu. Nilidhani anafuga kuku. Nilipozitazama vizuri nikaona kila shimo lina plagi kuukuu ya kutoa cheche injinini, na kila trei imeandikwa kwa chaki jina la boti na mwezi. Injini yangu ilikuwa na silinda nane, kwa hiyo kila trei yangu ilikuwa na plagi nane, nne kushoto, nne kulia, kama zilivyokaa injinini. Sheria yake ilikuwa moja tu, na aliniambia siku hiyo hiyo: anayeendesha ndiye anayefungua. Kila wiki mbili nahodha mwenyewe aingie kwenye shimo la injini, azifungue plagi za boti yake, azipange kwenye trei bila kuchanganya, ampelekee.

Asubuhi tulikula kwenye meza ile ile. Yeye alileta mahamri na mbaazi za nazi ndani ya bakuli lenye kifuniko, mimi nilileta chai kwenye chupa, na upande wa pili wa kitasa plagi zilingoja. Tukishamaliza alinawa, akajifuta, akachukua plagi ya kwanza na kuinyanyua dirishani. Hakuharakishwa na mtu. Ilikuwa ada yake kuniuliza mimi kwanza, na nakumbuka mara ya kwanza kabisa. "Haya nahodha, hii yasemaje?" Nikaitazama. Nikasema imechoka. "Sikukuuliza hali yake. Nimekuuliza yasemaje." Nikaona aibu, nikaanza kutazama kweli. Ncha ilikuwa ya kahawia, rangi ya karanga iliyokaangwa ikakolea. "Hiyo yala vizuri, yalala vizuri," akasema. "Ikija nyeusi ya masizi, ina petroli nyingi au haipati pumzi. Ikija na mafuta, kuna kitu kimelika ndani. Ikija nyeupe imekauka kama jivu, yaungua. Wewe waendesha kwa mato na masikio, lakini humo ndani huwezi kuingia. Hizi zimeingia. Ndizo mashahidi."

Kiburi changu kilivunjwa mwezi wa pili wa kazi. Boti ilianza kunywa petroli kama haina akili, nami nikaanza kumwambia Bwana Seif kwamba injini imezeeka. Bi. Saumu aliomba trei tu. Plagi nne za kushoto na nne za kulia, zote nyeusi tititi. Alizitazama kwa muda wa kumeza mate, akaenda moja kwa moja kwenye chujio la hewa, akaingiza mkono na kutoa kipande cha gunia ambacho mfagiaji alikuwa amefutia sakafu akakisahau hapo. Injini ilikuwa inabanwa pumzi. Hakunicheka. Alikianika kile kipande cha gunia kwenye kamba karibu na kofia yangu, kikakaa hapo wiki nzima, na mimi nikajifunza kufunga mdomo. Tangu hapo nilimheshimu kwa moyo wote, na nitasema zaidi: nilimwonea fahari kana kwamba ni mimi niliyemfundisha. Miaka yangu yote baadaye kazini nimefanya kazi na mafundi wengi wenye vyeti vilivyotiwa fremu, na sijaona tena mtu aliyekuwa tayari kusema "sijui bado" mara nyingi vile, na kukosea mara chache vile.

Mwezi wa nane boti ikaanza kukohoa. Haikukohoa kila mara. Ilikuwa ikifika kasi ya juu inakatika kidogo, inajikaza, inaendelea. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi tulikuwa na walimu na watoto wao, kumi na wawili kamili, wamelipia safari ya kutoka nje ya mlango wa mwamba, ule upenyo wa kutokea bahari kuu, ambako mawimbi ni makubwa na mayowe ni mengi. Bi. Saumu alikuwa akitoka kwenda mazikoni Changamwe. Akaniambia, huku akivaa buibui lake, nizifungue zote nane nizipange, asubuhi atazisoma. Nikafanya kama alivyosema. Zikakaa kwenye trei, kazi imekwisha, na mchana ulikuwa bado mrefu.

Hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kichafu. Sahani ya jirani ikija na futari huoshwa, hufutwa, na ikiwezekana hutiwa kitu ndipo irudi. Nikazitazama plagi zile na grisi na uchafu wake, nikamfikiria Bi. Saumu anarudi kutoka mazikoni, amechoka, anaanza siku kwa kujipaka vidole weusi. Nikasema moyoni, leo nimsitiri. Nikamimina mafuta ya taa kwenye kopo, nikazitumbukiza zote pamoja, nikachukua brashi ya waya na kuzisugua moja moja mpaka nikaona chuma kinang'aa na kauri nyeupe pe. Nikazipanga tena kwenye trei bila kukumbuka ipi ilitoka wapi. Wallahi, nilitoka pale nikipiga mluzi. Hakuna siku nyingine mwaka ule niliyojiona mtu mwema kama siku ile.

Ijumaa asubuhi aliingia, akatundika buibui, akaiona trei. Hakupiga kelele. Alivuta kigoda akaketi taratibu, akaichukua moja, akaigeuza, akairudisha, akaichukua nyingine. "Nahodha, ni nani aliyeniulia mashahidi wangu?" Nikasema kwa fahari ambayo ilikuwa tayari inaanza kuyeyuka, "Nimekusafishia, Bi. Saumu. Usijichafue." Akairudisha plagi kwenye trei. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akasema, "Umenifanyia wema, kweli. Umenifanyia wema." Nilikuwa nimefuta yote: ipi ilikuwa na nini, na ipi ilitoka silinda gani. Injini ilikuwa na ugonjwa, na mimi nilikuwa nimemwosha mgonjwa ndani na nje hata daktari asione kidonda.

Bwana Seif akaja kabla ya sala. Akasimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, hakuingia kwa kuogopa grisi. "Saumu, plagi zasemaje?" Nikasubiri nitajwe. Bi. Saumu akasema, "Hazisemi kitu, Bwana Seif." Akaishia hapo. Nami nikatazama kitasa cha meza. Bwana Seif akasema basi tia mpya, na zikatiwa mpya, na injini ilipowashwa palepale gatini ikaimba kama haijawahi kuugua. "Unaona? Imepona! Kesho iende," akasema mwenyewe, amefurahi. Nami nilifurahi zaidi yake, kwa kuwa injini ikipona na kosa langu lilikuwa limepona. Bi. Saumu peke yake hakufurahi. Akasema plagi mpya hufanya kila injini ionekane nzima kwa siku moja. Kwamba anataka saa moja majini, kasi ya juu, kisha azifungue azisome. Bwana Seif akasema hakuna saa, boti inatakiwa kuoshwa na kujazwa mafuta ikangoje Shanzu. "Ngojangoja huumiza matumbo, Saumu." Naye akamjibu, "Na harakaharaka haina baraka, Bwana Seif, nawe wanijua." Akaondoka amenuna.

Baada ya sala ya Ijumaa kulikuwa na pilau, kama kila Ijumaa, imeletwa na nyumba ya Bwana Seif kwa sinia. Tulikula ndani, mimi na Bi. Saumu. Nilichovya kachumbari, nikaona pilipili haina ukali. Nje kibarazani Bwana Seif alikuwa akinywa kahawa na mgeni wake, na bati halizuii sauti. "Mwanamke huyu namheshimu," alikuwa akisema, "lakini plagi anaziangalia kama apigaye ramli. Kila kitu sijui bado, sijui bado. Kuna kijana Changamwe anatengeneza injini kwa nusu siku. Leo akiigusa boti hii tena, Jumatatu nitamwita huyo kijana, na yeye apumzike nyumbani." Mgeni akasema kitu, wakacheka. Nilimtazama Bi. Saumu. Alikuwa amesikia kila neno. Akameza tonge lake, akainua kikombe cha maji akanywa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Watoto wangapi kesho?" Nikasema saba. "Na mlango wa mwamba una upana gani maji yakipwa?" Nikamwambia. Akanawa mikono. "Basi njoo twende, kabla hajamaliza kahawa."

Hivi ndivyo mtu alivyoiweka kazi yake rehani kwa ajili ya watoto wa watu asiowajua, huku mwenye kosa amekaa mbele yake anatafuna nyama. Sijui kama niliwahi kumpenda mtu kwa kumstahi kama nilivyompenda yeye dakika ile, wala kujichukia vile. Hata hivyo sikukiri kosa langu. Nilifungua kamba, nikawasha.

Tulikwenda huku na huko mkono wa bahari, kasi yote, maji yakiruka juu ya mikoko. Yeye alikaa nyuma karibu na shimo la injini, kanga ameikaza kichwani, sikio ameliinamisha. Bi. Saumu hakujua kuogelea. Nililijua hilo siku hiyo tu, nilipoona alivyoshika ukingo. Robo tatu ya saa injini iliimba. Kisha, tulipokata kona ya pili kutoka mwisho, ikakohoa. Mara moja. "Usipunguze!" akapiga kelele. Ikakohoa tena. "Zima! Zima sasa hivi, hivyo hivyo ilivyo kwa kasi!" Nikaizima. Boti ikanyamaza, na usukani mikononi mwangu ukawa mwepesi kama kifuniko cha sufuria. Niliuzungusha kushoto, boti ikaenda kulia, taratibu, kuelekea matopeni. Nikawaona akilini wale watoto saba wa kesho na walimu watano na mwamba mbele yao. Nikatupa nanga.

Yeye alikuwa keshaingia shimoni. Injini ilikuwa moto hata hewa juu yake ilicheza, nikamwambia asubiri ipoe. "Ikipoa, kilichomo ndani kitahamia kwengine na itaniambia uongo," akasema, akaendelea. Nilisikia akivuta pumzi kwa meno kila alipogusa chuma. Tulikuwa na spana moja ya plagi, na aliishika yeye. Moja, mbili, tatu, akinipa kwa ncha ya kanga, nami nikipanga kwenye trei kwa uangalifu ambao sikuwahi kuwa nao maishani. Zote tano za kwanza zilikuwa zimeanza kushika ukahawia mdogo. Ya sita ilitoka nyeupe, safi, inang'aa kama niliyoisugua mimi. Nikafurahi nikasema, "Hii iko salama." Bi. Saumu akaipuliza ikapoa, akaigusa kwa ncha ya ulimi, kisha akaninyooshea. "Onja." Nikaonja. Ilikuwa chumvi. "Iliyo safi ndiyo mgonjwa," akasema. "Bomba la moshi limetoboka ndani, lile linalopozwa na bahari. Maji yaingia kwenye silinda, ndiyo yanayoiosha. Kesho ingetembea nusu saa, labda zaidi. Halafu ingezima hukohuko mlangoni, isiwake tena." Alisema hivyo bila kushangilia, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Tulivutwa kurudi na mashua ya jirani, ilipofika saa kumi na moja. Bwana Seif alikuwa gatini amesimama, na uso wake sikuhitaji kuusoma kwa dirisha. Bi. Saumu akapita mbele yake, akaiweka trei mezani, akamwonyesha ya sita, akamweleza. Bwana Seif si mtu mbaya. Aliinama, grisi na kanzu na yote, akaitazama, akaulizia kuhusu watoto wa kesho, akakaa kwenye kigoda. Kisha akauliza swali nililokuwa nikilingoja tangu asubuhi: "Zile za mwanzo zilitoka humu humu. Kwa nini hukuziona? Kwa nini uliniambia hazisemi kitu?" Bi. Saumu akasema, "Hazikusomeka."

"Hazikusomeka kwa sababu niliziosha mimi," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Nikamweleza yote, mafuta ya taa, brashi, mluzi. Bwana Seif akanigeukia polepole. "Umeziosha." Naam. "Na asubuhi ulikuwepo hapa, na mchana ulikuwepo hapa, ukinisikia nyuma ya bati nikimtishia mwenzio riziki yake." Naam. "Basi Jumatatu usije." Alikuwa na haki. Nikatoa ufunguo wa boti mfukoni, nikauweka juu ya meza.

Bi. Saumu akainyoosha mikono yake yote miwili juu ya ule ufunguo, viganja juu. Ndipo tulipoviona. Vidole vyote vilikuwa vimebabuka, ncha zimevimba malengelenge, vingine vimeshapasuka. "Bwana Seif," akasema, "bomba lafaa lifunguliwe leo kabla chumvi haijakauka humo ndani. Akienda huyu, spana nitaishika kwa meno?" Bwana Seif akavitazama vidole vile. Akasimama, akasema anakwenda kuwapigia simu walimu, akatoka bila kuuchukua ufunguo.

Tukabaki wawili. Nilianza kutafuta maneno ya kumwomba radhi. Naye hakuyangoja. Akaisukuma spana kwangu kwa kiwiko, akavuta kigoda karibu na shimo la injini mahali atakapoweza kuona.

"Haya, ingia," akasema. "Na chochote kichafu utakachokikuta humo, mwanangu, niletee hivyo hivyo."